Mashine Ndani ya Lubugo

Nyie watu wa kahawani Hamugembe mmenisimamisha kila ninapopita: "Abdu, hivi ni kweli ulirudi na maiti?" Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikaguna, ya tatu nikakasirika. Sasa naandika mara moja tu. Someni, mpeane, na atakayeniuliza tena nitamnyima hata salamu. Sikurudi na maiti. Nilirudi na kompyuta. Ila tangu kisiwani hadi mlangoni kwangu, karibu kila niliyekutana naye aliamini jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa na habari nalo. Jambo hilo liliniaibisha vibaya, na pia ndilo lililoniokoa.

Kisiwani: Bibi Koku anafungasha

Mnajua nilikopelekwa. Mradi wetu wa yatima ulinituma kwenye kisiwa kimoja kule Muleba, miezi miwili, nikaandikishe watoto walioachwa na wazazi waliokufa kwa ukimwi. Kisiwa kile kimejaa wavuvi wa kutoka kila upande, Wajita, Wakerewe, Wasukuma, na Wahaya wachache. Mzazi akifia pale, mara nyingi hakuna ajuaye kwao ni wapi. Kazi yangu ilikuwa kuuliza: mtoto anaitwa nani, baba alitokea wapi, na kwenye ukoo nani bado yuko hai.

Nilipewa kompyuta ya kubeba, ile inayofunuliwa kama kitabu. Msidhani ni kitu chepesi. Ukiiweka mapajani kwa nusu saa miguu inakufa ganzi. Mkubwa wangu wa kazi alinikabidhi kwa maneno machache: "Maji, vumbi, kuanguka. Kimojawapo tu, Abdu, na kazi yote imekwisha."

Mimi ni mtu wa tahadhari, mke wangu Zuhura huniita mwoga. Niliandika kwanza kwenye fomu za karatasi, halafu ndipo nikaingiza kwenye mashine, kwa umeme wa jenereta ya wanunuzi wa samaki. Nikajiona nimejikinga pande zote. Wiki ya mwisho nikafungua sanduku la fomu, nikakuta mchwa wamekula kuanzia chini hadi juu, wakaniachia jalada. Nikakimbilia disketi nilizokuwa nimenakilia majina. Unyevu wa ziwa ulikuwa umezitangulia, zimeota ukungu. Basi majina yote ya watoto wa kisiwa kile yakabaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya mashine ile.

Na Jumatatu iliyokuwa inakuja, wakubwa wa mradi walikuwa wanakaa Bukoba kuchagua watoto wa kusomeshwa. Majina yasipofika Jumatatu, watoto wa kisiwani wangengoja mwaka mzima. Kule mwaka mmoja ni mwingi. Mtoto wa kiume amekwishaingia kwenye mitumbwi, na wa kike amekwishaolewa.

Mkoba wa mashine nao panya walikuwa wameutoboa na kuchomoa sponji yote. Nilipomweleza hayo mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga, Bibi Kokubanza, ambaye tulimwita Bibi Koku, aliendelea kushona bila kuinua uso. Ni mwanamke wa Kaagya, mshonaji, aliyemfuata mwanawe kisiwani. Mwana amekufa, mkwe naye amekufa, na bibi amebaki na wajukuu watatu na cherehani. Wajukuu hao watatu walikuwa ndani ya mashine yangu pia.

"Lete hapa," akasema. "Wewe Mswahili unajua kufunga halua tu."

Akaiviringisha mashine kwanza kwa mfuko wa nailoni, mara mbili, akakunja mdomo wake kama wa gunia. Juu yake akaweka kanga mbili kuukuu. Halafu akachukua magamba makavu ya mgomba, yale wanayofungia mayai, akayapanga pande zote hadi kifurushi kikawa laini na cha mviringo. Nilidhani amemaliza. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu, kinene, kimekunjwa kwa heshima na kunukia moshi. Ilikuwa lubugo, nguo ya magome ya mti ambayo Wahaya walikuwa wakiitwanga zamani kabla ya vitambaa vya marekani na kanga kufika.

"Wakati wa vita vya Amini," akasema, "tulikimbia Kaagya kwa miguu. Wengine walibeba sufuria, wengine mbuzi. Mimi nilibeba cherehani kichwani, imefungwa ndani ya hii. Ilianguka mara mbili. Iko hapo inashona."

Akaifunga kwa kamba za mgomba, akaipigapiga kwa kiganja. Nikamshukuru, nikaahidi kuirudisha. Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Utairudisha," akasema. "Wewe fikisha watoto."

Mimi babu yangu alitoka Pangani na sisi tunazika kwa sanda nyeupe. Nimezaliwa Bukoba, Kihaya nakisikia, lakini kuna mambo ya majumbani ambayo mtoto wa mjini hayajui mpaka yamkute. Nilikipakata kifurushi changu nikashuka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nikiwa na furaha kabisa.

Ziwani: nahodha mpole

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nahodha wa mtumbwi wa injini alikuwa Magesa, Mjita mmoja mwenye sauti ya kupasua masikio, ambaye siku zote huwatukana abiria tangu wanapopanda hadi wanaposhuka na kuwarundikia magunia ya dagaa magotini. Niliomba Mungu anisaidie kubishana naye. Aliponiona nakuja na kifurushi, akavua kofia.

"Pole, mwalimu," akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Kaa hapa katikati. Hapa maji hayafiki."

Akavua na koti lake la mvua akafunika lubugo yangu. Nikajisemea, kumbe watu wanaheshimu elimu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mchuuzi wa dagaa, mtu wa Kamachumu, mnene na mkarimu. Tulipokuwa tumeacha kisiwa nyuma, injini ikakohoa mara tatu ikazimika. Magesa akaifungua, akaipuliza, akaifuta, akaiombea. Upepo ukaanza kutupeleka kulikokuwa hakuna mtu anakwenda, na mawimbi yakaanza kumwagika ndani. Watu wakashika makopo wakachota maji.

Mnajua mimi na maji. Nilishika ubao kwa mikono miwili nikaanza kusoma kila sura niliyoijua. Kifurushi kikabaki peke yake. Yule mama hakuniuliza, alikinyanyua akakiweka kifuani, akakifunika kwa kanga yake ya mgongoni, akakaa hivyo hivyo akilowa yeye.

"Mama, kizito hicho."

"Mimi najua kupakata," akasema. Kisha baada ya wimbi moja au mawili: "Huko uendako wana habari?"

"Wana habari. Wananingoja tangu juzi."

"Na umetoka peke yako? Hakuna hata ndugu wa kukusindikiza?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Nimezoea."

Akanitazama. "Umeshapeleka wangapi?"

Nikakumbuka safari zangu za nyuma na mashine, Ngara, Karagwe, na Biharamulo. "Hii ya nne," nikasema, na kwa kujivuna kidogo nikaongeza, "na hakuna hata moja niliyoiangusha."

Yule mama akafanya ishara ya msalaba akageuza uso. Nilidhani ni kwa ajili ya mawimbi.

Tulikaa hivyo hadi jua likapita kichwani. Mama akanigawia kiporo cha ugali na samaki mkavu, na akanilisha yeye mwenyewe, maana mimi ubao sikuuachia. Hatimaye injini ikakubali. Tulipofika nchi kavu alinikabidhi kifurushi kwa mikono miwili, akiwa amelowa hadi kwenye nywele. Nikakigusa. Kikavu. Nilitaka kumkumbatia, ila nikaogopa dagaa.

Kuelekea Muleba: dereva anayejali mashimo

Pikapu za pale mwaloni mnazijua kwa sifa. Zinabeba dagaa, watu na kuku kwa mpangilio huohuo wa heshima. Nilijiandaa kusafiri nyuma nikiwa nimekumbatia mzigo. Dereva, mtu mzima mwenye kitambi, akashuka, akakitazama kifurushi, akawaambia wachuuzi wawili waliokwishakaa mbele: "Shukeni. Ninyi mnaweza kusimama."

Wakashuka bila neno. Wachuuzi wa samaki wa Muleba, wameshuka bila neno! Hapo ningeshtuka, lakini mtu akitendewa mema huwa hachunguzi.

Yule dereva aliendesha kwa namna ambayo sijawahi kuiona na sitegemei kuiona tena. Kila shimo alilikaribia polepole, akalizunguka, akaniuliza kama tuko salama. Watu waliokuwa kando ya barabara walikuwa wanasimama. Wanaume walivua kofia, wanawake walishusha mizigo. Nikadhani wanamsalimia dereva, nikasema moyoni huyu ni mtu wa watu. Nami nikawapungia mkono. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nawapungia mkono, natamani ardhi ipasuke.

Jioni ilipokuwa inaingia tukapata pancha, na spea nayo ilikuwa imekwishapasuka siku nyingi. Dereva akasema hapo ndipo tutalala, gurudumu litapelekwa kuzibwa asubuhi. Mbele yetu kulikuwa na kibanja kizuri cha migomba, na uani kwake moto unawaka na wanaume wamekaa kuuzunguka. Kila mtu wa Kagera anajua moto wa uani una maana gani, na miaka hii tumeuona kila kijiji. Walikuwa wamefiwa.

Akaja mzee mrefu mwenye fimbo, akajitambulisha kuwa ni Mzee Rwegasira. Jana yake alikuwa amemzika bintiye Adelina, aliyerudishwa mgonjwa kutoka Mwanza. Akakitazama kifurushi mikononi mwangu, kisha akanyoosha mikono yake.

"Mlete ndani," akasema. "Mtoto halali barabarani."

Kwa Mzee Rwegasira: nyasi mpya

Nilitaka kuuliza mtoto yupi. Lakini mzee alikwishachukua kifurushi, anakwenda nacho polepole, na wanaume wote pale motoni wamesimama. Ndani wanawake walikuwa wamekaa sakafuni, kwenye nyasi mpya zinazonukia. Wakasogea wakapisha nafasi. Kifurushi kikalazwa katikati, na ajuza mmoja akapitisha kiganja chake juu ya lubugo.

"Lubugo nzuri," akasema. "Siku hizi tunawazika na mablanketi. Huyu ana watu wake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Yote yalinirudia kwa mpigo mmoja: kofia ya Magesa, koti la mvua, mama aliyelowa, wachuuzi walioshuka, watu wa barabarani niliowapungia mkono. Kichanga. Wote walidhani nimebeba kichanga kilichokufa kisiwani nakirudisha kwao kikazikwe kibanjani.

Nitawaambieni ukweli kwa sababu ninyi ni watu wangu. Sikusema kitu. Nilikaa pale nje motoni, nikaletewa ndizi zilizopikwa na maharage, na kisahani cha senene, na nikala. Nilijiambia: nikisema sasa, nitakuwa nimewadhihaki waliofiwa, watanifukuza usiku huu na mashine yangu. Nikinyamaza hadi asubuhi, hakuna atakayeumia, na mashine itafika Bukoba imelindwa kuliko dhahabu. Ndizi zilikuwa nzuri sana.

Njia ya mwongo fupi. Sikumaliza sahani. Niliinuka nikachungulia ndani, nikamwona Ma Yustina, mke wa mzee, mama wa marehemu Adelina, amepiga magoti karibu na kifurushi. Alikuwa hajalia tangu nifike. Sasa machozi yalikuwa yanamtiririka kimya, na vidole vyake vinahangaika na kamba.

"Wamemfunga vibaya," alikuwa anasema. "Kamba imembana. Mtoto gani anafungwa hivi?"

"Mama, acha!" nikasema kwa sauti iliyowashtua wote. "Samahani. Samahanini jamani. Si mtoto. Hakuna mtoto humo."

Nikajieleza kwa haraka, nikichanganya Kiswahili na Kihaya changu kibovu: mradi, kisiwa, mchwa, Jumatatu, maji na vumbi na kuanguka. Kijana mmoja wa ukoo, mabega mapana, akasimama. "Mswahili huyu ametufanyia mzaha kwenye msiba wetu," akasema. "Amekula na chakula chetu."

"Nimekula," nikakubali. "Nilipaswa kusema kabla ya kula. Niliogopa."

Mzee Rwegasira akaketi kwenye kigoda, fimbo kati ya magoti. "Nani alikupa lubugo?"

"Bibi Kokubanza, mtu wa Kaagya, nilipanga kwake."

"Mwanamke wa umri gani?"

"Ni mzee, kama mama huyu hapa, au zaidi."

"Basi ni yake," akasema mzee. "Ameiweka ya kuzikiwa. Mzee akiwa na lubugo siku hizi hana kazi nyingine nayo. Yeye hakukwambia?"

"Aliniambia ilivusha cherehani wakati wa vita."

Yule ajuza aliyesifu lubugo akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, akajiziba mdomo. Sikuthubutu kucheka. Nilikuwa nafikiria Bibi Koku, jinsi alivyonitazama zaidi ya ilivyohitajika.

"Kwa hiyo humo ndani," akauliza Ma Yustina, "ni nini hasa?"

"Majina ya watoto, mama."

"Waliokufa?"

"Waliobaki."

Akaniambia: "Fungua."

Kwa kweli sikutaka. Betri ilikuwa na uhai mdogo niliokuwa nauweka akiba, na nilikuwa nimeapa kutokufungua kabla ya Bukoba. Lakini ungekuwa wewe ungemkatalia? Akafungua kamba yeye mwenyewe, akakunja lubugo kwa mkunjo uleule iliyokuwa nao, akaiweka magotini. Magamba ya mgomba yakatoka, kanga zikatoka, nailoni ikatoka. Mashine ikawaka. Mwanga wake wa kijivu ukapiga nyuso za wale wanawake, na nikaanza kuwasomea jina moja moja, na baba alikotoka, na shangazi au babu aliyepatikana. Hakuna aliyenikatiza. Nilipofika kwa wajukuu wa Bibi Koku, mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba anawafahamu.

"Adelina ameacha wawili," akasema Ma Yustina. "Respikius na Paskazia. Hao wanaweza kuingia humo?"

Nikasema wanaweza, mradi wetu unahudumia Muleba yote, si kisiwa tu. Taa nyekundu ya betri ilikuwa imeanza kukonyeza. Nikaandika Respikius, baba hajulikani alipo, yupo kwa babu Rwegasira. Nikahifadhi. Nikaandika Paskazia. Nilipokuwa nabonyeza kuhifadhi kwa mara ya pili, kioo kikawa giza.

Nikabonyeza tena. Giza. Mashine ikizimika katikati ya kuhifadhi, ilikuwa inaweza kuharibu orodha nzima. Nilijua hilo, na sikuwaambia.

"Wameingia?" akauliza Ma Yustina.

"Inshallah, mama," nikasema, na safari hii sikuwa nadanganya.

Muleba hadi Bukoba: usidanganye, usitangaze

Sikulala vizuri. Jumapili asubuhi gurudumu lilizibwa, na Ma Yustina na yule ajuza wakafunga mashine upya, vizuri kuliko Bibi Koku, Mungu anisamehe. Waliongeza magamba mabichi chini kwa ajili ya mashimo. Mzee Rwegasira akanisindikiza hadi barabarani.

"Huko mbele watu watakuuliza," akasema. "Usidanganye."

"Sidanganyi tena, mzee."

"Lakini pia usitangaze." Akanigonga begani kwa fimbo. "Humo wamo watoto wangu wawili."

Kijana wa mabega mapana alikuwa amesimama nyuma yake. Akanipa mfuko wa kahawa ya kutafuna, akageuka akaondoka bila kuniaga, na nikaona ni haki yake.

Pale stendi ya Muleba kondakta wa basi akaninyanyulia mtu kwenye kiti cha mbele. Akaniuliza kwa unyenyekevu kama kuna msaada wowote. Nikasema: "Ni mzigo wa ofisi, ndugu, usiangushwe tu." Akaitikia kwa huzuni kubwa, kama mtu anayeelewa kwamba nimechanganyikiwa kwa msiba. Sasa mniambie, mtu afanye nini zaidi ya hapo? Na aliyenivuruga kabisa alikuwa Shomari, muuza mafuta ya taa wa hapa kwetu. Aliniona stendi kupitia dirisha la pikapu iliyokuwa inaondoka. Nilimwona anafungua mdomo, na pikapu ikamchukua, akatangulia Bukoba na mdomo wake wazi.

Njiani nilitafuna kahawa ya mzee hadi ulimi ukawa mchungu. Kemondo tukasimama muda mrefu, abiria wakanunua samaki wa kukaanga, harufu ikajaa basi zima, na mimi sikuweza kununua hata mmoja. Ningekulaje na watu wananitazama vile? Nilikaa nimepakata lubugo nikijiuliza swali moja tu: ndani ya kioo kile cheusi, watoto bado wamo?

Hamugembe: jeneza ukutani

Yaliyotokea nyumbani kwangu wengine wenu mliyaona, kwa kuwa mlikuwepo mkinywa chai yangu. Nilipokata kona niliona watu wamejaa uani. Jeneza la msikitini limesimamishwa ukutani. Sheikh amekaa mkekani. Mama mkwe wangu ametoka Nyanga kwa haraka, ametangulia kulia. Zuhura akanijia mbio, kanga imemporomoka, macho mekundu.

"Ni nani, Abdu? Mtoto wa nani? Kwa nini hukuleta habari?"

"Ni kompyuta," nikasema.

"Ni nani?"

"Kompyuta, Zuhura. Ya ofisini."

Alinipiga kwa kanga mara tatu, mbele ya sheikh, halafu akanikumbatia akalia upya. Sheikh akamshukuru Mungu kwa sauti, akaamuru jeneza lirudishwe. Mama mkwe wangu, ambaye ni Mhaya na lubugo anaijua, alikataa kusema nami mpaka nilipomweleza yote. Kisha akaigusa lubugo akasema: "Huyo mwanamke amekupa kitu ambacho mimi nisingekupa." Nami naamini.

Umeme ulikuwa umekatika. Bila shaka. Nikaweka mashine mezani, nikachomeka waya, tukangoja. Hakuna hata mmoja wenu aliyeondoka. Mliofika kwa msiba mkabaki kwa mashine, na Shomari alikaa mbele kuliko wote. Baada ya alasiri taa ikawaka, watu wakashangilia, na Zuhura ndiye aliyebonyeza.

Orodha ikafunguka. Niliishusha taratibu, jina baada ya jina, kisiwa kizima, wajukuu watatu wa Bibi Koku wakiwa wamefuatana. Chini kabisa Respikius. Baada yake nafasi tupu. Paskazia hakuwa amehifadhiwa. Nikaandika jina lake hapo hapo, herufi kwa herufi, nikahifadhi mara tano. Sijui kama nimewahi kuvuta pumzi ndefu vile. Zuhura alidhani nimezimia.

Jumatatu majina yalikuwa mezani, na hayo mengine ni ya ofisini. Ninachotaka mjue ni mwisho wa lubugo. Niliianika, nikaikunja kwa mkunjo wake, nikaweka ndani karatasi yenye majina ya wajukuu watatu waliochaguliwa, nikaipeleka mwaloni, nikamkabidhi Magesa mwenyewe. Magesa alinitukana mno kwa habari ya koti la mvua. Nikajua mambo yamerudi kama kawaida.

Juzi akaniletea jibu la Bibi Koku kwa mdomo, kama alivyoambiwa: "Mwambie Mswahili wangu amewahi kuirudisha, bado siihitaji. Aniletee kitambaa cha sare. Watoto ni watatu."